Kwa Shangazi: "Wananiambia nisamehe nisahau, mimi nakumbuka mpaka harufu ya hiliki"

BARUA YA KWANZA

Shikamoo. Samahani kwanza, najua safu yako inaitwa Kwa Shangazi ila mimi nitakuita dada tu, hilo neno lingine mdomoni kwangu halipiti, ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwanini.

Nina miaka 36, naishi Mbagala, nina mume na watoto wawili. Mama yangu alifariki Tabora nikiwa na miaka 9. Siku ya msiba sisi watoto tulipelekwa kwa jirani tukaambiwa mama amesafiri, siku ya nne shangazi yangu, dada yake baba, akanichukua tukapanda treni kuja Dar. Dada, nilikuwa na furaha siku ile. Ndo mara yangu ya kwanza kupanda treni na nilijua napelekwa kwa mama.

Kumbe napelekwa kwenye maandazi. Saa kumi alfajiri naamshwa nikande unga, nitwange hiliki, nichome, nibebe beseni nizunguke nalo mtaani, nikimaliza ndo niende shule, na watoto wake muda huo wamelala. Nilipigwa na mwiko, nilipigwa na waya wa pasi, ila kipigo nishakisahau, maneno ndo sijayasahau. "Mama yako kafa kanitupia mzigo." Hilo nimelisikia karibu kila siku. Darasa la saba nikafaulu, jina likabandikwa ubaoni shuleni, nikakimbia nalo nyumbani, akasema hana hela ya kusomesha watoto wa watu. Basi. Nikauza maandazi mpaka nikaolewa, na leo nikipita sehemu wanachoma maandazi ya hiliki mikono inatoka jasho, yani mtu mzima kabisa.

Mwaka jana shangazi amepata kiharusi, upande mmoja umepooza, kuongea shida. Watoto wake mmoja yupo Afrika Kusini mwingine simu hapokei. Kwenye grupu la ukoo la wasap wamekaa wakaamua akae kwangu, eti mimi ndo alinilea. Baba mdogo kanitumia voisi ya dakika sita, yaliyopita si ndwele mwanangu. Kanisani nako mama mmoja wa maombi kaniambia nisiposamehe na kusahau maombi yangu hayafiki.

Kilichofanya niandike ni hiki. Binti yangu mkubwa ametimiza miaka 9 mwezi wa kwanza. Juzi kamwaga uji, nikashika mwiko, nikasikia mdomo wangu unasema "umezaliwa kunitesa". Sauti ilikuwa ya shangazi, naapa. Mtoto akakimbilia nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo silali vizuri, na tumbo linaniuma nimepiga mpaka ultrasaundi hamna kitu. Nimchukue huyu mama? Nitaponaje? Au ndo nimeshairithi hii laana?

*Mama wawili, Mbagala*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Niite dada, jina la safu alilipanga mhariri sio mimi.

Acha nianze na huyo mtoto wa nyuma ya mlango maana wakubwa wote kwenye barua yako wanaweza kusubiri, yeye hawezi. Leo leo, kabla hajalala, kaa chini uwe sawa na macho yake umwambie mama alikosea, uji kumwagika sio kosa, na yale maneno sio ya kweli, sikuzaa mtoto wa kunitesa. Usiongeze "ila na wewe uwe unaangalia". Hiyo "ila" inafuta yote. Najua kwetu mzazi kumuomba mtoto radhi watu wanaona ni kujishusha, na mimi nimelelewa hivyo hivyo, lakini mtoto asipoambiwa kitu hakai bila jibu, anajitungia lake. Wewe mwenyewe ulitungia treni nzima kutoka Tabora mpaka Dar.

Umeuliza kama umerithi. Hapana. Ulichofanya ni kibaya na ukikiacha kitakuwa mazoea, lakini shangazi yako alisema lile neno miaka na miaka halafu anachapa usingizi, wewe umelisema siku moja ukakosa usingizi ukaandika barua. Halafu angalia umri. Mama kafariki una 9, binti kafika 9. Hii sio uchawi wala laana, inawatokea wazazi wengi, mtoto akifika umri ule ule ulioumizwa wewe vitu vinaanza kupanda vyenyewe, unamuangalia yeye unajiona mwenyewe na beseni kichwani, na wakati mwingine (hili linauma kulisikia) unamuonea wivu mwanao kwa sababu yeye anaamka saa moja uji upo mezani. Kama umewahi kuuhisi huo wivu usijione shetani. Ni yule mtoto wa maandazi anauliza na mimi je.

Sasa twende kwa baba mdogo na voisi yake ya dakika sita. Ule msemo naupenda lakini watu wanautumia vibaya sana. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni maradhi, wazee walikuwa wanasema ugomvi ukishaisha tusiufanye ugonjwa. Ukishaisha! Yani watu wamekaa, mkosaji kasema nimekosa, wazee wamesuluhisha, pengine kuku kaliwa. Kwako nani alikaa? Miaka 27 imepita hakuna aliyekaa na wewe mkekani akakuuliza ulikuwa unaishije kule Temeke au popote pale alipokuwa anakaa, leo ndo wamekaa, na walichokaa kuamua ni nani amuogeshe mgonjwa. Hapo kuna ndwele, tena kubwa, na huwezi kuganga yajayo huku umekatazwa kuonyesha panapouma.

Kiswahili kina neno donda ndugu, lile donda la mguuni lisilopona, linafunga juu watu wanakupa hongera huku chini usaha unazidi. Sijui aliyelipa jina alikuwa anawaza nini, ila kwako limekaa sawasawa kabisa maana ndugu ndo kalitia na ndugu ndo wanataka lifunikwe haraka. Muulize nesi yoyote, donda kama hilo haliponi kwa kubandikiwa bandeji mpya, linafunguliwa linasafishwa, na siku ya kusafishwa linauma kuliko jana yake.

Kukubali yaliyopita watu wanadhani ni kusema ilikuwa sawa tu, au kusema na yeye alikuwa na shida zake. Hapana bwana. Kukubali ni kusema ilitokea, ilitokea kwangu, haikuwa haki, na hakuna anayeweza kunirudishia. Hicho cha mwisho ndo kigumu. Wewe mpaka leo kuna kitu unakisubiri kwa huyo mama, nakiona kwenye barua ingawa hujakiandika, unasubiri siku moja akwambie mwanangu nilikukosea. Na sasa kaugua, mdomo haufanyi kazi vizuri, na unaanza kuhisi mlango unafungwa. Huenda huo ndo msiba wako mpya. Inawezekana asiseme kamwe, na hata kabla ya kiharusi pengine asingesema, kuna watu wanakufa na samahani yao mfukoni. Kupona kwako hakuwezi kukaa mfukoni kwa mtu mwingine mdogo wangu.

Nikasema msiba. Hebu nikuulize, mama yako ulimlilia lini? Walikupeleka kwa jirani, wakakudanganya, ukapanda treni, kesho yake unakanda unga. Hukukaa matanga, hukuona kaburi likifukiwa, hukushikwa mkono na mtu akwambie pole. Yule aliyekuwa analia na beseni barabarani mimi nadhani alikuwa hamlilii shangazi wala mwiko. Ukipata nafasi na nauli nenda Tabora. Mwende na mumeo kama anaweza, utafute kaburi, ufyeke majani, ukae hapo hata saa nzima umwambie mama kila kitu mpaka lile jina lililobandikwa ubaoni. Shule uliyonyimwa nayo ililie, ni kitu kilikufa kile. Na hata ukiamua leo kurudi kusoma, watu wazima wanarudi kusoma sekondari kwa njia ya QT, ule mtihani wa maarifa, kila mwaka, bado kwanza lilia ile ya wakati ule.

Usiku ambao huwezi kulala chukua daftari. Sikupi maneno ya kujifurahisha, kuna profesa wa saikolojia Mmarekani anaitwa James Pennebaker, mwaka 1986 yeye na mwenzake walitoa utafiti ambao waliwaambia wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, wengine waandike mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, vile lilivyotokea na vile walivyojisikia. Wale wa maumivu wakitoka pale walikuwa na huzuni zaidi, sio nafuu, ila miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Sio dawa ya kila mtu na ukiona unaandika mpaka unatetemeka acha, ila wewe ambaye umeniandikia barua hii tayari nadhani umeanza bila kujua. Usijali herufi. Ukimaliza hata uchome, hamna anayesahihisha.

Na tumbo usiache kulifuatilia hospitali, ila mwambie daktari na hii stori pia, sio tumbo peke yake. Kati ya 1995 na 1997 kule San Diego madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliuliza watu zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao, kupigwa, kutukanwa, kuishi na mlevi na mambo kama hayo, wakalinganisha na afya zao za ukubwani, na majibu ya kwanza yakatoka 1998. Waliokuwa wamepitia mengi utotoni walionekana na sonona zaidi, pombe zaidi, mpaka magonjwa ya moyo. Sikutishi, hiyo sio hukumu kwamba lazima uumwe, nataka tu uache kujiona unaigiza. Mwili uliokaa miaka unasubiri mwiko unajifunza kusubiri mwiko hata pasipo mwiko. Mikono kutoka jasho kwa harufu ya hiliki sio utoto, ni mkono uliokuwa unaungua na mafuta saa kumi na moja alfajiri.

Haya, nimchukue au nisimchukue. Mimi kwa nilivyokusoma nasema usimchukue nyumbani kwako, angalau sio sasa. Mgonjwa wa kiharusi anageuzwa, anaogeshwa, anabadilishwa usiku na mchana, ni kazi inayomchosha hata anayempenda mgonjwa, na wewe una donda wazi na mtoto wa miaka 9 ndani. Ukizidiwa atakayelipa ni kati ya hao wawili, mgonjwa asiyeweza kujitetea au mtoto. Umefikiria hilo? Ukimfinya siku moja wakati unamgeuza, utajisamehe?

Kusamehe ni kazi yako ya moyoni na itakuja kwa muda wake, kuishi na mtu chini ya paa moja ni jambo jingine kabisa, na wanaokwambia ni kitu kimoja waulize wao wanamchukua lini. Unaweza kutoa mchango. Panga na mumeo kiasi ambacho hakitakuumiza, iwe elfu ishirini iwe hamsini kwa mwezi, ya kulipia mtu wa kumhudumia, na uandike kwenye grupu mstari mmoja tu: nitachangia kiasi fulani kila mwezi, kukaa kwangu haitawezekana. Usieleze sababu. Ukieleza watajadili sababu usiku kucha, na kuna mmoja ataweka emoji za kucheka. Na kama hata mchango roho haitaki, basi, sijakwambia ni lazima.

Yule mama wa maombi mwambie maombi unaendelea nayo. Kusamehe limo kwenye kitabu chake, "kusahau" kaongeza yeye.

Tafuta na mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki ya afya ya akili, Muhimbili wapo, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nayo wapo watu wa kuongea nao, na usiogope kwamba utaonekana kichaa. Wazimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupitiliza, yale yale tunayosema sisi "nina mawazo". Mwaka 2006 daktari wao Dixon Chibanda alianza na bibi 14 tu wa mtaani Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza watu wenye mawazo, wanakaa nao kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Majaribio waliyofanya na watu 573 yakachapishwa 2016 na waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari, walikuwa wanasikiliza mpaka mwisho bila kukatisha na "yaliyopita si ndwele". Kama una mama mtu mzima wa aina hiyo mtaani kwako, mshikilie.

Nipe mrejesho wa binti kwanza, wa shangazi baadae.

BARUA YA PILI

Salaam aleikum Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 29 hapa Kisauni, Mombasa. Miaka miwili iliyopita, wiki tatu kabla ya harusi, kadi zishatolewa, mchumba akanitumia meseji kuwa hawezi tena. Meseji, si hata simu. Baadae nikasikia yuko na mtu mwingine. Mpaka sahii natazama status zake kwa laini nyingine. Mabeshte wananiambia jikaze kisabuni, wewe ni mwanamume. Nimejikaza vibaya sana na sioni nikipona.

*Aliyeachwa na kadi mkononi*

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Sabuni ikikazwa sana inateleza, sijui kwanini hakuna anayemalizia huo msemo.

Tatizo lako sio kwamba umeumia, kuachwa wiki tatu kabla ya harusi mbele ya ukoo mzima ni aibu juu ya maumivu, angeumia yeyote. Tatizo ni hiyo laini nyingine. Kila jioni unakibandua kigaga kuona kama chini kumepona, halafu unashangaa damu inatoka. Itupe hiyo laini, usiiweke kwenye droo, itupe, maana ya droo saa sita usiku inaonekana. Wiki za mwanzo utamkumbuka zaidi kuliko sahii na utadhani nimekudanganya, vumilia.

Halafu mtafute rafiki mmoja, mmoja tu, umwambie sitaki ushauri nataka unisikilize, mkae pale Lighthouse na mihogo yenu umhadithie kuanzia siku ya meseji mpaka leo bila kujikaza, na ukilia ulie, upepo wa bahari una kazi yake. Mwanamume halii ni maneno ya watu ambao hawajawahi kurudisha viti vya kukodi vya harusi isiyokuwepo. Ya mahari uliyotoa hujauliza na mimi sijibu, lakini kama nayo inakukereketa kaulize kwa kadhi, usiende kudai mlangoni kwao.

BARUA YA TATU

Mimi ni mama wa miaka 61, Morogoro. Mwanangu wa kiume hanipigii simu mwaka wa tatu huu. Alipokuwa mdogo nilimpiga sana, nilikuwa naachwa na baba yake na hasira zote nilimalizia kwake. Najua. Nimemtumia meseji "kama nilikukosea nisamehe mwanangu", hakujibu. Nifanye nini?

JIBU

Shikamoo mama. Barua yako imekuja wiki moja na ile ya Mbagala na nimezisoma zote mbili kwa zamu mpaka chai ikapoa. Mama, wewe una mdomo, unaongea, una namba yake. Shangazi wa Mbagala hana tena.

Shida ni hiyo "kama". Kwa yeye kusoma "kama nilikukosea" ni sawa na kuambiwa athibitishe kwanza. Andika tena, utaje vitu vyenyewe, nilikupiga siku fulani kwa sababu fulani, hukuwa na kosa, hasira zilikuwa za baba yako nikazitupa kwako. Usitaje baba alikutenda nini wewe, hiyo ni barua nyingine ya kumuandikia mtu mwingine. Usimkumbushe kwamba ulimzaa kwa uchungu. Usiombe akupigie, usimwambie presha imepanda.

Tuma mara moja. Akisoma, zile tiki zikawa za bluu na asijibu, usimpigie kuuliza kama ameiona. Ameiona.